Sauti iliyopanda mlima: historia fupi ya kusikiliza muziki nyumbani Usambara

Kama umewahi kulala Lushoto usiku wa harusi, hili unalijua. Ng'ambo ya bonde kuna sabufa inapiga. Unasikia du, du, du mpaka dirisha linatetemeka, lakini maneno ya wimbo huyapati hata kidogo. Unaweza kudhani mwenye mashine amezidisha besi kwa makusudi. Pengine amezidisha kweli, lakini hata asingezidisha, mlima ungefanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Besi ya hezi 50 ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Sauti nyembamba ya hezi 5,000, ile inayobeba "s" na "sh" za maneno, ina wimbi la sentimita 7 hivi. Wimbi la mita 7 likikutana na nyumba, miti au kichuguu, hujipinda na kuendelea na safari. Lile la sentimita 7 linazuiwa, linatawanywa na majani, na hata hewa yenyewe hulimeza kadiri linavyokwenda mbali. Kwa hiyo kinachokufikia ni ngoma bila mwimbaji.

Shika kanuni hii moja, msomaji, maana tutaitumia mpaka mwisho: wimbi refu huzunguka kizuizi, wimbi fupi huishia kwenye kizuizi. Ni kanuni ya sauti, na ni kanuni ya mawimbi ya redio pia. Historia ya muziki wa nyumbani katika Milima ya Usambara imejengwa juu yake kwa kiasi kikubwa.

Tunapozungumza ubora wa sauti siku hizi, tunaanza na mashine: spika gani, amplifaya ya wati ngapi, bei gani. Lakini ukiifuata historia utaona kwamba kila kizazi kilikuwa kinafanya biashara. Kilitoa ubora kidogo kikapata umbali, au kikatoa umbali kikapata ubora, na katikati ya biashara hiyo kulikuwa na umeme, pesa, na swali ambalo wengi hawakuliuliza: sauti hii itadumu miaka mingapi?

Santuri: mashine isiyohitaji umeme

Tuanze na gramafoni ya hendeli. Kwa mtu wa milimani ilikuwa mashine nzuri ajabu, kwa sababu haikuhitaji umeme wala betri. Unakaza springi kwa mkono, sahani inazunguka mara 78 kwa dakika, sindano ya chuma inafuata mfereji, na mtikisiko wa sindano unapelekwa moja kwa moja kwenye kiwambo chembamba na kutoka kupitia pembe. Nguvu yote ya sauti inatoka kwenye mkono wako na ule mfereji.

Sahani zenyewe zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti, hasa huko India. Shelaki ni ngumu lakini ni kama kigae: ikidondoka imekwisha. Fikiria sasa kupandisha sanduku la sahani kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 hivi za kona na makorongo, kutoka tambarare mpaka kwenye kimo cha takriban mita 1,400.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni iliyotoa sahani za His Master's Voice. Ulikuwa wakati mzuri kiteknolojia. Miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1925, kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kurekodi kwa maikrofoni na umeme badala ya kumwimbisha mtu ndani ya pembe. Sauti iliyopatikana ilifika kiasi cha hezi 5,000, wakati sikio la kijana lenye afya linafika karibu hezi 20,000. Kwa sikio la leo ni sauti ya kwenye kopo. Kwa sikio la wakati ule, huyo alikuwa Siti mwenyewe chumbani kwako.

Lakini kulikuwa na malipo mengine. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 unabeba dakika tatu tu. Taarabu, ambayo ukumbini haikuwahi kuangalia saa, ikalazimika kukatwa au kugawanywa pande mbili. Kwa hiyo mashine haikubadilisha ubora wa sauti tu, iligusa hata urefu wa wimbo.

Redio ya sufuria

Redio za kwanza zilikuwa na valvu, vile vioo vinavyowaka kama taa ndogo. Valvu zina njaa ya umeme. Redio ya valvu ya kutumia betri ilihitaji volti 1.5 za kupasha nyuzi moto na kwa kawaida volti 90 za kuendesha kazi yenyewe. Redio kubwa za mbao, ambazo wazee bado wanazitaja wakitaka kusema jambo ni la kale, zilikuwa mali ya mwenye uwezo.

Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ofisa wa habari aliyeitwa Harry Franklin alifanikiwa kuishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza kutengeneza redio ya bei nafuu kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika. Umbo lake lilikuwa la mviringo, kwenye bati la alumini lililofanana na chombo cha kupikia, ndiyo maana ikapewa jina la redio ya sufuria. Ilikuwa na valvu nne na ilipokea masafa mafupi. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake iliuzwa shilingi 25 ikidumu kama saa 300. Ukisikiliza saa tatu kila siku, hiyo ni siku 100, kisha unarudi dukani na shilingi 25 nyingine.

Kumbuka hesabu hiyo. Tangu hapo, gharama kubwa ya kusikiliza haikuwa redio. Ilikuwa betri.

Tanganyika ilianza kurusha matangazo yake kutoka Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo kwa karibu miaka 30 ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya redio Tanzania Bara.

Transista, na betri zilizoanikwa juani

Transista ilibuniwa mwishoni mwa 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, na redio za kwanza za transista zilifika madukani mwaka 1954. Kwa mtu wa mjini mwenye umeme, faida yake ilikuwa udogo. Kwa mtu wa Mlalo au Bumbuli, faida ilikuwa kwamba ile volti 90 haikuhitajika tena. Betri nne za kawaida zilitosha. Miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ikajenga kiwanda Dar es Salaam cha kutengeneza betri na redio zenye nembo ya National, na betri hizo zikafika kwenye maduka ya vijijini pamoja na chumvi na mafuta ya taa.

Sasa, si unakumbuka zile betri zilizoanikwa juani juu ya bati? Wengine walizing'ata. Watoto wa siku hizi wakisikia wanacheka, lakini kuna kemia pale. Ndani ya betri ya zinki na kaboni, umeme unatokana na mwendo wa chembe ndani ya ujiuji mzito. Betri ikitumika, mazao ya mmenyuko hujazana karibu na kijiti cha kaboni na kuzuia njia. Ukiipumzisha, mazao hayo hutawanyika. Ukiipasha joto, mwendo wa chembe huongezeka na ukinzani wa ndani hushuka. Betri haijapata nishati mpya, imepata tu nafasi ya kutoa mabaki yake. Ndiyo maana ilikupa taarifa ya habari na nyimbo mbili, kisha ikalala tena.

Betri dhaifu pia inaharibu sauti kwa namna yake. Amplifaya ya redio ndogo za aina hii hula umeme mwingi zaidi sauti inapopanda. Tarumbeta zikiingia kwa kishindo, volti inaanguka, na kilele cha wimbi kinakatwa. Hapo ndipo unasikia sauti "inapasuka". Dawa ni kupunguza sauti na kusogea karibu. Familia nzima kukaa kuizunguka redio moja ndogo ilikuwa desturi nzuri, lakini pia ilikuwa njia ya kuokoa betri.

Na besi je? Spika ya inchi tatu au nne haiwezi kutoa besi ya hezi 60. Hata hivyo mtu aliyekuwa akisikiliza Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi mbili za Tanga zilizowapa watu sababu ya kubishana miaka ya 1960, atakuimbia mstari wa gitaa la besi bila kukosea. Aliusikia wapi? Aliusikia kichwani. Uzi wa gitaa ukipigwa hautoi hezi 60 peke yake, unatoa pia 120, 180, 240 na kuendelea. Spika ndogo inazipata hizo za juu, na ubongo, ukiona mpangilio wake, unajaza ile ya chini iliyokosekana. Masikio ya babu yako yalikuwa yanafanya kazi ambayo leo unailipia kwa sabufa.

Sauti iliyoshuka kutoka angani

Tupime umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 250. Lushoto yenyewe imekaa kwenye bonde, imezungukwa na miteremko. Sauti ya RTD ilifikaje?

FM isingeweza. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, nalo husafiri karibu kama mwanga: linakwenda pale linapoona. Chukua mnara wa mita 100 Dar es Salaam na msikilizaji aliyesimama kwenye ukingo wa mlima wa mita 1,400. Kwa sababu dunia ni mviringo, hata njia nzima ikiwa wazi, wataonana kwa kiasi cha kilomita 195 tu. Ongeza vilima vya katikati, halafu mteremshe msikilizaji wako bondeni, na hesabu imekwisha.

Masafa ya kati yana mawimbi ya mita mia kadhaa. Hayo hujipinda vizuri, lakini katika nchi za joto yanasumbuliwa sana na ngurumo za radi, zile krrr-krrr za msimu wa mvua. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana kutenga masafa maalumu kwa ajili ya utangazaji katika ukanda wa tropiki, yakiwemo ya mita 60. RTD ilijulikana kwa masafa ya kilohezi 5050, ambayo ukigawanya utapata wimbi la mita 59 na kidogo.

Wimbi hilo lilikuwa na njia yake ya pekee. Lilirushwa kwenda juu kabisa, likakuta tabaka la hewa yenye chaji linaloitwa ionosfia, mamia ya kilomita juu ya vichwa vyetu, likageuzwa na kurudi chini kama mvua. Mvua haijali bonde. Ukingo wa mlima unaoziba FM hauna la kufanya kwa wimbi linaloshuka kutoka juu. Waya uliofungwa kutoka dirishani hadi kwenye mti wa parachichi ulitosha kulidaka.

Malipo yake? Ionosfia haitulii. Wimbi moja linaweza kufika kwa njia mbili zenye urefu tofauti kidogo. Kilele cha moja kikikutana na kilele cha nyingine sauti inanona, kikikutana na bonde la nyingine sauti inafifia. Ndiyo ile sauti inayokwenda na kurudi kama mtu anayeimba huku akitembea kwenye upepo. Juu ya hapo, redio ya masafa mafupi hubeba sauti hadi kiasi cha hezi 5,000 tu. Umerudi kule kule kwenye sahani ya Siti.

Lakini maneno yanaeleweka hata kwa hezi 300 hadi 3,400, kipimo kilichotumiwa na simu kwa miaka mingi. Jioni ya Aprili 12, 1984, Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, hakuna aliyeuliza kuhusu besi. Wahenga walishasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwa mtu wa mlimani, sauti nzuri ilikuwa ile iliyofika.

Kaseti: nyumba ikaanza kujibu

Kampuni ya Philips ilionyesha kaseti kwa mara ya kwanza mwaka 1963 huko Berlin. Kwa vipimo vya studio ilikuwa kichekesho. Tepu ya studio ina upana wa milimita 6 na kidogo, nayo hupita kwenye hedi kwa sentimita 19 au 38 kila sekunde. Tepu ya kaseti haifiki milimita 4, na inapita kwa sentimita 4.76 tu. Mwendo mdogo maana yake sauti nyembamba zinabanwa kwenye nafasi finyu mno, na chembe za sumaku zenyewe zinatoa ule mvumo wa "shhh".

Lakini redio kaseti ilikuwa na kitufe ambacho gramafoni na redio hazikuwa nacho: chekundu, cha kurekodia.

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii. RTD ilikuwa na mashine nzuri na mafundi hodari, na studio zake zimehifadhi maelfu ya tepu za bendi, taarabu, kwaya na ngoma. Ila ilikuwa redio ya taifa, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Ngoma za kienyeji zilipata nafasi. Mazungumzo ya kawaida kwa Kisambaa hayakupata. Bibi anayesimulia hadithi, wazee wanaopatanisha ndugu waliogombania shamba, nyimbo za kubembeleza mtoto, mahubiri ya Jumapili ya kawaida isiyo na mgeni: kama mambo hayo yalirekodiwa, yalirekodiwa nyumbani, kwa redio kaseti iliyowekwa mezani, kwa maikrofoni ndogo iliyomo ndani yake, mara nyingi juu ya kaseti iliyokuwa na muziki wa mtu mwingine.

Ukiangalia vizuri, hesabu imepinduka. Nyimbo maarufu zimerekodiwa kwa ubora wa juu na zina nakala nyingi. Sauti ya nyanya yako imerekodiwa kwa ubora wa chini kabisa na ina nakala moja.

FM, flashi na spika kwenye chungu

Miaka ya 1990 sheria ilibadilika. Vituo binafsi vikaanza, Radio One mwaka 1994 ikiwa miongoni mwa vya kwanza, na FM ikawa ndiyo redio. FM inabeba sauti hadi hezi 15,000, bila kufifia, bila radi. Ila kila bonde sasa linahitaji mnara unaoliona. Ukizunguka Usambara na redio ya mkononi utaligundua hili mwenyewe: kona moja kituo kipo, kona ya pili kimezimika.

Kisha zikaja sabufa, memori kadi na flashi. Wimbo wa CD unahitaji biti 1,411,200 kila sekunde. MP3 ya kilobiti 128 inatumia sehemu moja ya kumi na moja ya hizo, kwa kutupa sauti ambazo sikio halitazigundua kwa kuwa zimefunikwa na nyingine. Ni ujanja mzuri, mradi ufanywe mara moja. Faili likigeuzwa na kugeuzwa tena kila linapopita kwa muuza nyimbo, kila mara kinatupwa kitu.

Wapenda sauti wa kujitengenezea nao hawakulala. Kuna anayechukua spika ya gari na kuifunga kwenye mdomo wa chungu au ndoo, na besi inakuja. Si uchawi. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Ikiwa wazi, hewa ya mbele inazunguka kujaza pengo la nyuma na besi inajifuta yenyewe, tena besi hasa, kwa kuwa wimbi refu ndilo huzunguka kwa urahisi. Chungu kinatenganisha mbele na nyuma. Jaribu: toa spika kwenye boksi lake huku inapiga, usikilize kilichopotea.

Kaseti haisubiri

Sasa turudi kabatini kwenu. Usambara ina ukungu na unyevu, na unyevu ni adui wa tepu. Chembe za oksidi ya chuma zimeshikiliwa kwenye plastiki kwa gundi. Miaka ikipita, gundi inaweza kufyonza maji na kulegea. Kuvu huota pembeni ya tepu na kuonekana kama unga mweupe. Kile kisponji kinachoisukuma tepu kwenye hedi kinabanduka. Na mashine za kuchezea zinaisha nazo: mpira wa kuzungushia unalegea, na msimulizi anaanza kuyumba kama mlevi.

Kunakili si kazi ngumu. Tafuta redio kaseti inayofanya kazi, na kabla ya yote ijaribu kwa kaseti usiyoijali. Safisha hedi kwa pamba na spiriti. Kama kaseti ina kuvu, usiicheze, mpelekee mtu mwenye uzoefu. Kama ni nzima, izungushe mbele na nyuma mara moja ili ilegee. Kama sauti ni nzito, kana kwamba msemaji amefunika mdomo, mara nyingi tatizo ni pembe ya hedi. Pembeni yake kuna skrubu ndogo. Izungushe taratibu, robo mzunguko au chini ya hapo, mpaka "s" zisikike kali kabisa, kisha acha. Hiyo skrubu peke yake inaweza kukurudishia sauti uliyodhani imekufa.

Unganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta yenye tundu la kuingizia sauti, urekodi kwa hezi 44,100 na biti 16 au zaidi, faili la WAV. MP3 tengeneza baadaye, ya kutumiana kwenye simu. Usiitupe kaseti. Na usisafishe mvumo kwa programu kwenye nakala yako pekee. Programu za kesho zitakuwa bora kuliko za leo, lakini zitahitaji sauti ambayo haijaguswa.

Kisha fanya jambo ambalo mashine haiwezi: keti na mtu mzima anayezijua hizo sauti, muulize nani anazungumza, wapi, mwaka gani, na maneno magumu ya Kisambaa yana maana gani. Andika. Faili lisilo na majina litakuwa fumbo kwa wajukuu wako.

Hakuna njia ya mkato, kwani kaseti ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60. Boksi la kaseti 20 ni saa 20, yaani wikiendi mbili au tatu. Anza na ile ambayo msemaji wake hayupo tena.